Chuma cha kuvutia tela cha mtumba: tundu moja limekataa kulingana, nipanue kwa drili?

Mtembezi · #1

Wakuu salaam.

Nimepata chuma cha kuvutia tela, mtumba, kimetolewa kwenye gari la aina ileile kama langu. Karatasi ya maelekezo hakina, na bolti zimekuja pungufu. Kibati cha chapa kipo: nilikisugua kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka herufi zikajitokeza. Kinasomeka D 6.4 kN, S 75 kg, na ile E ndani ya duara.

Nimeshusha bampa, nikatoa boriti ya kiwandani iliyokuwa nyuma yake, nikaingiza mikono miwili ya chuma ndani ya chesisi. Upande wa kulia bolti zote tatu zimeingia kwa vidole. Kushoto ya kwanza imeingia, ya pili imeingia kwa kubembelezwa, ya tatu tundu limepishana kama milimita 6. Nikimulika tochi naona kipande tu cha tundu la ndani.

Nipanue tundu la chuma kwa drili nifunge, au kuna kitu sikioni? Kazi nataka niifanye mwenyewe, kwa hiyo majibu ya "peleka gereji" yawekeni akiba.

Chapakazi · #2

Peleka gereji.

Natania mkuu. Nakaa hapa kusubiri wajuzi.

Nyundo Tatu · #3

Milimita 6 kitu gani? Panua, weka washa nene, kaza, safari iendelee. Magari kibao yanavuta tela yamefungwa hivyohivyo na hakuna aliyekufa.

Mama Spana · #4

#3 usimpoteze mwenzako. Bolti ya M12 (unene milimita 12) inataka tundu la milimita 13 hivi. Ukilivuta likafika 19, washa haina pa kukalia, inabaki kushika ukingo. Kila dereva akikanyaga breki tela linasukuma, akiondoka tela linavuta, na chuma kinachezacheza hapohapo. Bolti ikishaanza kucheza haikazwi tena ikakubali.

Mtembezi, kabla hatujafika kwenye drili: zile bolti za kulia umezikaza?

Mtembezi · #5

Nilizikaza kidogo tu ili chuma kisinidondokee. Niko chini ya gari peke yangu.

Mama Spana · #6

Basi anzia hapo. "Kidogo tu" ya kulia, kwa urefu wa ile boriti, kushoto inageuka milimita kadhaa. Legeza zote mpaka chuma kining'inie na kuyumba kwa mkono. Weka jeki katikati ya boriti ibebe uzito. Halafu anza na bolti iliyokataa. Ikishashika nyuzi tatu nne, rudi kwa zilizobaki, zote kwa vidole. Spana haigusi kitu mpaka zote sita ziwe ndani.

Na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Kulala chini ya gari lililobebwa na jeki sitaki hata kusikia.

Mzee Boriti · #7

Shikamooni wenye umri wenu, wengine habari zenu. Mama Spana kasema vizuri lakini mimi nina wasiwasi mwingine. Chuma cha mtumba kimetoka kwenye gari lililochinjwa. Gari lilichinjwa kwa nini? Kama liligongwa nyuma, pigo lilipokelewa na shingo ya hicho chuma, ile sehemu inayotokeza nyuma tela linapoungwa, kabla halijafika kokote. Mkono mmoja ukipinda kidogo macho hayaoni, ila tundu la tatu linaona.

Kitoe chote, kilaze kwenye sakafu iliyonyooka. Pima mshazari: kutoka tundu la mbele la mkono wa kulia hadi tundu la nyuma la mkono wa kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana, chuma kimekwenda upande. Tazama pia kama mikono yote miwili inalala sakafuni bila kubembea.

KimyaKimya · #8

Mnakimbilia ajali haraka. "Aina ileile ya gari" maana yake nini? Jina moja linaweza kuwa na bodi ya milango minne yenye buti, ya hachibaki na ya steshenwagoni, halafu katikati ya maisha yake modeli inabadilishwa sura. Mkia wa chesisi unarefushwa au tundu linahamishwa na kwa nje usione tofauti. Watengenezaji wa hivi vyuma wana namba tofauti kwa kila bodi. Kwenye kibati, mbali na D na S, kuna namba ya aina. Ilinganishe na orodha ya mtengenezaji kwa gari lako na mwaka wake.

FundiMnyamavu · #9

Au gari lako ndilo liligongwa.

Mtembezi · #10

#9 mbona unanitisha kaka. Nililinunua limenyooka.

FundiMnyamavu · #11

Yote huuzwa yamenyooka.

Inua kapeti la buti, toa tairi la akiba. Tazama sakafu ya bati pande zote mbili za shimo la tairi. Kiwandani wanaunganisha bati kwa vidoti vya kuchomelea, vimepangana kwa nafasi sawa. Upande ulionyooshwa utakuta vidoti havifanani na vya upande wa pili, au mshono uliopakwa gundi kwa brashi, au bati lenye mikunjo midogo iliyopakwa rangi juu. Tazama pia nafasi kati ya bampa na taa kushoto na kulia.

Nyundo Tatu · #12

Kwa hiyo tundu moja limekataa, sasa gari ni bovu, chuma ni kibovu na mwenye gari ni mbovu. Mimi bado nasema drili.

Mshale · #13

Nyundo Tatu anaishi kulingana na jina lake 😂

Fundi Kipimo · #14

Kuna la tano halijatajwa: vipande vya ndani. Kwenye magari mengi ile mikono haikai chuma kwa chuma. Kuna bomba fupi linaingia ndani ya chesisi, bolti inapita katikati yake. Kazi ya bomba ni kuzuia kuta mbili za chesisi zisibanane unapokaza. Chuma cha mtumba kikija bila bolti, na yale mabomba yamebaki kulikotoka. Bila bomba utakaza leo, bati litabonyea, kesho bolti imelegea, utakaza tena, litabonyea tena. Na mkono usipokuwa na bomba la kuushika pale unapotakiwa, unakaa chini au pembeni kwa milimita kadhaa, kiasi hichohicho unacholalamikia.

Mtembezi, ulipewa vibomba vyovyote kwenye mfuko wa bolti?

Mtembezi · #15

Vipo viwili. Nilidhani ni takataka za kwenye mfuko, niliviweka pembeni.

Fundi Kipimo · #16

Viwili kati ya vinne, kama mpangilio ni ule ninaoujua. Usiviache mbali.

Mama Spana · #17

#14 umetisha. Na kitu kingine kidogo: pale mikono inapokalia chesisi, je, umekwangua ile lami ya kuzuia kutu? Lami au nta ikibaki katikati inapondeka taratibu kwa joto na mtikisiko, bolti inapoteza kaza yake. Kwangua sehemu ya kukalia tu, paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, na ukishamaliza nyunyizia nta ndani ya chesisi.

Dereva wa Tela · #18

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyeuliza atavuta nini! D 6.4 ina maana yake wakuu: ni nguvu ya mvutano kati ya gari na tela ambayo chuma kinahimili.

D = 9.81 × T × R ÷ (T + R), kisha gawanya kwa 1000 upate kN (kilonewtoni). T ni uzito wa gari, R ni uzito wa tela, kwa kilo. Tuseme gari lina kilo 1350 na tela 1000: unapata 5.6 hivi. Chuma chako kinatosha na chenji inabaki.

Fundi Kipimo · #19

#18 hesabu ni sahihi ila T umeweka uzito wa gari tupu. T ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa gari likiwa limejaa watu na mizigo. R nayo ni uzito wa juu wa tela likiwa limejaa. Mtembezi, soma kibati cha gari kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwa kawaida mstari wa kwanza wa uzito ni gari lililojaa, wa pili ni gari pamoja na tela, wa tatu na wa nne ni ekseli ya mbele na ya nyuma.

Mtembezi · #20

Imeandikwa 1850, chini yake 2850, halafu za ekseli.

Fundi Kipimo · #21

Basi gari lako linaruhusiwa tela la kilo 1000 likiwa limejaa lenyewe. Weka 1850 na 1000: inatoka 6.37. Chuma cha 6.4 kimepita kwa unywele. Ukijidanganya uvute kilo 1200 inakuwa 7.14, hapo umevuka chuma na umevuka gari kwa pamoja.

Wengine mnaosoma: mkikuta mstari wa pili hauna kitu au una kistari tu, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta. Magari kadhaa ya haibridi na ya umeme yako hivyo, na chuma cha kulifunga unaweza kukipata kikiuzwa vilevile.

Chapakazi · #22

Nilikuja kwa ajili ya bolti, nimejikuta kwenye hesabu ya kidato cha pili. Endeleeni.

Dereva wa Tela · #23

#19 nimekupata, asante. Ila S 75 nayo msiisahau. Huo ndio mzigo ambao pua ya tela inaruhusiwa kuukalia mpira wa chuma (kile kidude cha duara kwenye ncha ya shingo) kuelekea chini. Pua inatakiwa iwe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, vinginevyo tela linaanza kucheza mkia ukiongeza mwendo.

Mama Spana · #24

Asilimia 10 ya kilo 1000 ni kilo 100. Chuma chake mwisho 75. Umemwambia avunje kanuni ili afuate kanuni.

Dereva wa Tela · #25

Hizo ndizo namba ninazozijua, ziko kwenye vitabu.

Fundi Kipimo · #26

Nyote mna vitabu, ila tofauti. 10 hadi 15 ni desturi ya Marekani, tela zao na vyuma vyao vimeundwa kwa pua nzito. Ulaya wanashauri 5 hadi 7, na vyuma vyao vina S ya 50, 75 au 100 mara nyingi. Chuma chenye E kwenye duara kimepimwa kwa kanuni namba 55 ya UNECE (tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya), kwa hiyo asilimia 7 ya kilo 1000, yaani kilo 70, inamkaa vizuri. Pima kwa mizani ya kupimia watu: simamisha kipande cha mbao juu yake, shusha pua ya tela juu ya mbao kwa urefu uleule wa mpira wa gari, tela likiwa limepakiwa.

Mzee Boriti · #27

Mnaongelea mizani wakati chuma hakijafungwa. Mwanangu Mtembezi, kabla hujakirudisha juu, kagua nyufa. Rangi nyeusi mpya kwenye chuma cha mtumba mimi huiogopa kuliko kutu. Kutu inaonekana.

Kwangua rangi kwenye mishono: pale shingo inapokutana na boriti, na pale mikono inapoanzia. Osha kwa petroli, paache pakauke. Paka mafuta mepesi, yaache yanywe saa kadhaa, kisha futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Sugua unga wa chaki juu yake. Gonga shingo kidogo kwa nyundo, ngoja. Penye ufa mafuta yaliyojificha yanarudi nje na kuchora mstari mwembamba kwenye chaki, kama nywele. Ukiuona huo mstari, chuma hicho peleka kwa wanaonunua chakavu.

Nyundo Tatu · #28

Au unachomelea ufa, maisha yanaendelea. Hata lile tundu: lizibe kwa kuchomelea, toboa upya panapotakiwa.

Mama Spana · #29

Hapana. Kile kibati cha E kinahusu chuma kama kilivyotoka kiwandani. Ukichomelea, kibati kinabaki kuwa pambo. Na pembeni mwa mshono mpya chuma kinabadilika kwa lile joto, hapohapo ndipo kinapopasukia baadaye. Mkaguzi akiona mshono ambao si wa kiwandani anakurudisha nyumbani, na bima wakiuona baada ya ajali watakuwa wamepata sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Mshale · #30

Samahani, kuhusu bolti. Mimi naweka za chuma cha pua kila mahali, hazishiki kutu. Hapa zinafaa?

FundiMnyamavu · #31

Hazifai.

Fundi Kipimo · #32

Nitamfafanulia FundiMnyamavu 😄 Bolti yenye 8.8 kichwani inaanza kurefuka bila kurudi ikifika mkazo wa megapaskali 640. Ya chuma cha pua ya kawaida, A2-70, inarefuka hivyo ikifika 450. Kwa bampa sawa, kwa chuma cha kuvutia hapana. Nunua 8.8 mpya, au 10.9 kama maelekezo ya chuma hicho yanataka, pamoja na nati mpya za kujifunga. M10 ya 8.8 inakazwa kati ya Nm 45 na 50, M12 ya 8.8 karibu Nm 80, M12 ya 10.9 inapita 110. Ukipata karatasi ya mtengenezaji, namba zake zifuate hata kama zinatofautiana na zangu. Tumia toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. "Mpaka mkono ukatae" si kipimo, mikono haifanani.

Dereva wa Tela · #33

Na urudie kukaza baada ya kilomita 1000.

Mama Spana · #34

Mimi sisubiri 1000. Nikirudi tu safari ya kwanza yenye mzigo naingia chini na toki renchi. Ile ya 1000 nafanya pia.

Chapakazi · #35

Swali la mjinga: ile boriti ya kiwandani aliyoitoa inarudi wapi? Hiyo si ndiyo inazuia gari lisipondwe nyuma?

KimyaKimya · #36

Si la mjinga. Kuna vyuma ambavyo boriti yake inachukua nafasi ya ile ya kiwandani, na vingine vinafungwa pamoja nayo. Kinachokuambia ni urefu wa bolti na ile karatasi ambayo hana. Kama zinatakiwa zote mbili na yeye kaweka moja, mikono inaingia ndani zaidi kwa unene wa bati la boriti. Unene huo ni milimita ngapi? Haya ndiyo maelezo ya sita.

Mzee Boriti · #37

Hapo sikubaliani. Ingekuwa hivyo na kulia pangekataa.

KimyaKimya · #38

Kulia pengine tundu lina nafasi zaidi. Magari mengi upande mmoja unatobolewa tundu la mviringo na mwingine tundu refu, makusudi, ili chuma kikubali kuingia.

Mzee Boriti · #39

Pengine. Boriti ya zamani asiitupe lakini. Siku akiuza gari na kubaki na chuma, ataitafuta.

Waya Mwekundu · #40

Nimechelewa, nilikuwa chini ya dashibodi ya mtu. Bolti mtamaliza leo, umeme ndio utakaomkesha.

Mtembezi, soketi uliyopata ni ya pini 7 au 13? Kama ni 7 za mpangilio wa ISO 1724: pini ya 1 indiketa ya kushoto, waya wa njano. Ya 2 taa ya ukungu ya nyuma, bluu. Ya 3 ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari), mweupe. Ya 4 indiketa ya kulia, kijani. Ya 5 taa ndogo ya kulia, kahawia. Ya 6 breki, mwekundu. Ya 7 taa ndogo ya kushoto, mweusi. Usiamini rangi peke yake kwenye waya wa mtumba, aliyetangulia anaweza kuwa aliunga kwa waya wowote uliokuwa mkononi. Pima kwa tesa (kipimio cha umeme), mtu mmoja akanyage breki.

Mshale · #41

Rangi hizo mbona kwenye tela la shemeji hazifanani? Lake njano ni indiketa na breki kwa pamoja.

Waya Mwekundu · #42

Hilo ni la mpangilio wa Kimarekani. Kwao indiketa na breki hupita waya mmoja. Ukiliunganisha na gari lenye indiketa za rangi ya chungwa zilizojitenga, unahitaji kiboksi cha kubadilisha, ukiunga moja kwa moja taa zitakuchezea ngoma.

Mshale · #43

Zinacheza kweli! Ukiwasha taa ndogo kisha indiketa, upande wote unapepesa hafifu, na ukikanyaga breki taa ndogo zinafifia. Shemeji anasema ni balbu.

Waya Mwekundu · #44

Hizo dalili mimi naita ethi kabla hujamaliza sentensi. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwa waya mweupe, unarudi kwa kupitia balbu nyingine. Ndiyo maana zinawaka nusunusu, mahali zisipotakiwa.

Dereva wa Tela · #45

Au maji ndani ya soketi. Langu lilifanya hivyo, nilifungua kifuniko nikakuta ukungu wa kijani kwenye pini.

Nyundo Tatu · #46

Ethi si inapita kwenye mpira wa chuma? Chuma kwa chuma.

Waya Mwekundu · #47

Mpira una grisi, kitasa cha tela (kile kinachoukamata mpira) kinachezacheza juu yake, na kwenye mashimo ya barabara vinaachana kwa sekunde. Hiyo ndiyo "inaleta, haileti". Vuta waya wa ethi wa milimita za mraba 2.5 mpaka kwenye bodi penye chuma kitupu, za taa 1.5 zinatosha. Na Mtembezi, kama gari lako linakuambia balbu ikiungua, usikate waya wa taa ya nyuma ukaunga juu kwa juu. Kompyuta itaona mzigo isioujua, itawasha onyo au itazima taa kabisa. Weka boksi la rilei linalosikiliza tu ishara za taa na kuchukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Kumbuka kutoa kichwa cha betri kabla.

Mtembezi · #48

Asanteni sana wote. Gari linaonyesha balbu ikiungua, ndiyo. Nina sensa za rivasi pia, zitalia muda wote?

Waya Mwekundu · #49

Shingo isiyotoka huwa inaonwa na zile sensa za katikati kwenye baadhi ya magari. Tela likiwa limeungwa ndiyo usiseme, zitalia mpaka uzizime. Mfumo wa waya wa kiwandani huzizima wenyewe kwa kuhisi plagi, ila kompyuta lazima iambiwe kuna chuma.

Chapakazi · #50

Rivasi na tela sensa hazikusaidii. Shika usukani chini kabisa, mkono ukienda kulia na mkia wa tela unakwenda kulia. Nilifundishwa hivyo na dereva mmoja wa maboti, sijawahi kusahau.

Dereva wa Tela · #51

Hiyo ni kwa tela refu. Tela fupi kabla hujatafakari limeshajikunja. Nenda taratibu, sogeza usukani kidogo.

Mtembezi · #52

Mrejesho. Nimelegeza zote kama alivyosema Mama Spana, jeki katikati, nikaanza na ile iliyokataa. Tundu limesogea, limebaki kama milimita 2 hivi. Kisha nikakitoa chote nikapima mshazari: zimepishana milimita 4. Buti nimeangalia, vidoti vya kushoto navyo naona viko sawa na vya kulia, isipokuwa kuna mstari wa gundi siuelewi. Chaki haikuonyesha ufa. Bampa limelala sebuleni, mwenye nyumba ameanza kuniuliza maswali.

Mzee Boriti · #53

Milimita 4. Nilisema.

Mama Spana · #54

Ulipima kutoka katikati ya tundu au ukingo? Na kwa futi ya utepe iliyopinda ncha au kwa kitu kigumu? Milimita 4 kwenye chuma chenye urefu wa zaidi ya mita inaweza kuwa mkono wa mpimaji.

FundiMnyamavu · #55

Mstari wa gundi. Picha.

Fundi Kipimo · #56

Rudisha vile vibomba viwili kwanza, tafuta viwili vingine vya kipenyo hichohicho, ndipo upime tena. Ikibaki 2, hapo sina neno na mtu anayevuta chuma kwa mkanda wa kukazia ili bolti ishike, mradi bolti inazunguka kwa vidole baada ya hapo. Ikidai nguvu, simama.

KimyaKimya · #57

Namba ya aina kwenye kibati hujaisema bado.

Mtembezi · #58

Herufi ya mwisho imeliwa na kutu. Inaweza kuwa B au 8. Kwenye orodha B ni ya hachibaki, 8 ni ya steshenwagoni.

KimyaKimya · #59

Mungu wangu.

Dereva wa Tela · #60

Wakati mnabishana, apime na mpira. Mpya ni milimita 50. Kwa kalipa, ukikuta 49 au chini, badilisha. Na urefu wake kutoka ardhini hadi katikati ya mpira uwe kati ya milimita 350 na 420 gari likiwa limepakiwa, tela likae sawa.

Nyundo Tatu · #61

50 si ndiyo inchi 2? Mimi nina mpira wa inchi 2 nimpe bure.

Dereva wa Tela · #62

Inchi 2 ni 50.8. Kitasa cha 50 juu ya mpira wa 50.8 kinaweza kukataa kujifunga, na kitasa cha inchi 2 juu ya mpira wa 50 uliolika kinaruka kwenye tuta. Abaki na mpira wa kitasa chake.

Nyundo Tatu · #63

Haya. Hapo nimekubali, andikeni tarehe.

Msafiri Kando · #64

Samahani kudandia uzi wa watu. Mimi nina chuma chenye shingo ya kutoa, mtumba pia, kilikuja bila ufunguo. Shingo iko kwenye buti, haiingii. Nivunje kitasa?

Mama Spana · #65

Usivunje. Futa uso wa kitasa kwa kitambaa chenye mafuta ya kulegezea kutu, mara nyingi kuna namba imechapwa pale kando ya tundu la ufunguo. Kwa namba hiyo watengenezaji wengi wanatoa ufunguo mpya. Ukiupata, kabla ya kuvuta chochote hakikisha shingo inalia "tak" inapoingia, kile kidoa cha rangi kwenye kitufe cha kuzungusha kiko upande wa kijani, na ufunguo unatoka. Usipotoka, shingo haijafunga.

Msafiri Kando · #66

Namba ipo! Herufi moja na tarakimu tatu. Ubarikiwe.

Mshale · #67

Na shemeji amefungua soketi. Pini ya ethi haipo kabisa, kuna tundu tu. Bado anasema ni balbu.